Walichoambiwa Kuhusu Moyo Wangu

Ikiwa umeambiwa utapasuliwa kifua, au aliyeambiwa hivyo ni mtu wako, kaa nami kidogo. Sitakueleza jinsi moyo unavyofanya kazi, hiyo waachie waliousomea. Nitakueleza yaliyonipata mimi, Nduku, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa mtaa wa Lucky Summer hapa Nairobi, ambaye siku hizi napanda ngazi za nyumba yangu bila kushika ukuta. Nayaandika sasa kwa sababu kidonda kimefunga na sauti imerudi. Hasira bado ipo, ila imepoa kiasi cha kuniwezesha kukaa na kuandika.

Nilikuwa napakia biskuti katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo. Ni kazi ya kusimama kutwa, na kwa miaka mingi nilisimama bila shida. Mwaka huo, mvua za masika zilipoanza, nikawa nachoka kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Nikipandisha mtungi wa maji hadi kwetu ghorofa ya tatu, ilinibidi niuweke chini kila ngazi zinapokata kona, nijifanye natafuta ufunguo ili majirani wasijue kwamba nahema. Kikohozi kikaja. Nikashindwa kulala chali, nikawa naegemea mito usiku kucha. Kufika jioni miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya kazini vinaniachia mitaro kwenye ngozi.

Zahanati ya mtaani ilinitibu kifua mara kadhaa. Mwishowe kijana mmoja wa hapo akaniwekea kifaa chake kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, kisha akasema, "Mama, hii si nimonia. Huu ni moyo. Nenda hospitali kubwa, na usingoje wiki ijayo."

Huko hospitali kubwa waliniambia valvu moja ya moyo imeharibika, labda tangu utotoni, tangu yale maumivu ya koo tuliyokuwa tunayatibu nyumbani kwa maji ya chumvi. Ingehitaji kutolewa, niwekewe nyingine ya chuma. Lakini kwanza nipigwe picha ya moyo, ile wanayoiita eko.

Kama hujawahi kungoja eko, jitayarishe kwa benchi. Ni korido ndefu yenye benchi za chuma, na kila mtu aliyekaa pale anajifanya amekuja kwa jambo dogo. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa anasinzia huku mkewe akimshika bega asianguke. Mama mmoja alimlisha mtoto wake ndizi vipande vidogo vidogo, na midomo ya yule mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau. Mume wangu Mutinda alikaa kando yangu. Yeye ni dereva wa lori la mikate, si mtu wa kukaa chini, lakini siku hiyo alikaa, na mkono wake ukakaa juu ya wangu. Nakumbuka nilijiambia kwamba nina bahati.

Chumba cha picha kina giza. Unalala kwa ubavu wa kushoto, unapakwa mafuta baridi, kisha daktari anakusukumia kifaa katikati ya mbavu kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia nyuma ya kabati. Aliyenipima alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, mpole wa sauti. Mwanzoni alinizungumzisha. Baadaye akanyamaza. Alikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, akabonyeza, akapima, akarudi palepale. Akamwita mwenzake. Wakazungumza Kiingereza cha haraka, wakinyooshea kidole kioo ambacho mimi nilikuwa nimekipa kisogo.

"Daktari, kuna nini?" nikauliza.

"Daktari wa upasuaji atakueleza yote, mama. Usijali."

Nilivaa, nikarudi kwenye benchi. Baada ya muda nesi akatoka na kuita, "Jamaa wa Nduku!" Mutinda akainuka. Dada yangu Katunge, karani katika bohari moja huko Industrial Area, alikuwa amefika kutoka kazini wakati huohuo, akaingia naye. Mimi nikabaki na mikoba yao.

Walipotoka, Katunge alipita moja kwa moja kwenda chooni. Mutinda akaketi, akafuta uso kwa kiganja.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni ile valvu. Watatoa, waweke ingine. Utakaa kama wiki moja hivi, urudi nyumbani."

"Basi?"

"Basi, Mama Mutheu. Wanafanya hizo kila siku."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Siku zilizofuata nyumba yetu ilijaa upole. Mutinda, ambaye hajawahi kujua sufuria inakaa wapi, akawa anapika ugali. Binti yetu Mutheu, aliyekuwa kidato cha tatu na mwenye maneno makali kama wasichana wote wa umri wake, akaacha kujibizana nami. Kila jioni alikuja kujilaza kitandani kwangu, simu imezimwa, ananiangalia tu. "Umekuwa nini siku hizi?" nikamuuliza. "Si kitu, mathe. Nimechoka na shule."

Nilitaka kwenda Kitui kumwona mama kabla ya kulazwa. Katunge akakataa kabisa. "Barabara ni mbaya, na wewe huna pumzi. Utaenda ukipona. Mwaitu hatahama." Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. Nikampigia simu badala yake, tukazungumza habari za mbuzi na pojo.

Jumapili ya mwisho, akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kuniombea. Waliimba vizuri. Mmoja mmoja wakanikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida, na mmoja alilia hadi akatolewa nje. Nilifikiri ni Roho. Jumatatu yake Katunge akaja na gauni langu la buluu amelipiga pasi, akanisimamisha kwenye roshani mahali penye mwanga, akasema nitabasamu, akanipiga picha. "Unapendeza, Nduku. Tabasamu zaidi. Hivyo hivyo."

Jioni ya kuamkia upasuaji, daktari wa upasuaji alipita wodini. Alisimama miguuni pa kitanda changu akauliza, "Mama, mzee wako alikueleza yale tuliyozungumza?"

"Ndiyo, daktari, amenieleza."

"Na bado uko tayari?"

"Niko tayari kabisa."

Akanitazama kwa heshima fulani ambayo sikuielewa. Nikatia sahihi.

Sikumbuki thieta, kile chumba cha upasuaji. Nakumbuka kuamka na mpira kooni, mikono imefungwa kwa kitambaa ili nisiuvute, na kiu ambayo sijawahi kuisikia popote. Nakumbuka nesi mmoja aliyelowesha pamba na kunipangusa midomo. Jina lake sikulijua, lakini kila ninapokunywa maji baridi humkumbuka. Maumivu ya kifua yalikuwa yale niliyoyatarajia. Kilichofuata ndicho ambacho sikukitarajia.

Nilivimba. Ilianza miguu, yakafuata mapaja, kisha tumbo likajaa maji hadi nikaonekana mja mzito. Pete ikakatwa kidoleni. Mkojo ukawa haba, halafu ukaisha. Wakaniunganisha na mashine ya kusafisha damu. Pumzi ikawa inaingia nusu tu. Mwanamke tuliyeingia naye thieta siku moja alihamishwa wodi ya kawaida, akaanza kutembea, na asubuhi moja akapita mlangoni kwangu amevaa leso yake nzuri, akanipungia mkono akienda nyumbani. Nilikuwa bado naitazama dari ileile.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapokuandikia hasa. Nilidhani ni makosa yangu. Niliambiwa ni wiki moja, wenzangu ni wiki moja, mimi nina nini? Nilianza kuhesabu dhambi zangu. Nilifikiri labda imani yangu ni ya mdomo. Nikala chakula kwa nguvu, nikatapika, nikaona aibu. Nilimwomba nesi anisaidie kuketi na nilipozimia nikamwomba msamaha.

Na Mutinda akaja wakati wa kuwaona wagonjwa, akasimama kando ya kitanda na mfuko wa machungwa ambayo sikuruhusiwa kuyala, akaniambia, "Jikaze, Mama Mutheu. Unakaa kama mtu hataki kupona."

Nikajibu, "Nitajikaza. Nisamehe."

Mkojo ulipoanza kurudi na hali kutulia kidogo, walinipeleka wodi ya wagonjwa wa moyo. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeanza, madirisha yamefungwa kutwa. Asubuhi moja yule daktari wa picha, mama wa miwani, aliletwa na mashine yake ya magurudumu, pamoja na daktari kijana na wanafunzi watatu au wanne. Akanipaka mafuta, akaanza kupima. Daktari kijana akawa anawafundisha wale wanafunzi, mara Kiingereza, mara Kiswahili.

"Huyu mama ni mfano mzuri," akasema. "Upande wa kulia ulikuwa umechoka tangu kabla ya upasuaji. Picha ilituonyesha mapema. Kwa hivyo huu uvimbe, hizi figo, ni yale yale yaliyotabiriwa. Familia ilielezwa."

Nilikuwa nimezoea kuzungumziwa juu ya kichwa changu. Lakini Kiswahili nakielewa.

"Picha gani?" nikauliza.

Mama wa miwani akaacha kusogeza mkono.

"Ile picha ya kwanza, mama. Ya kabla ya operesheni."

"Ilionyesha nini?"

Akanitazama. Akawaambia wale vijana watangulie kitanda kinachofuata. Kisha akavuta kiti, akaketi ili macho yake yawe sawa na yangu.

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa ni valvu. Na wiki moja."

Akanieleza taratibu. Kwamba valvu yangu ilipoharibika, presha ilirudi kwenye mapafu, na upande wa kulia wa moyo ukasukuma dhidi ya presha hiyo kwa miaka hadi ukalegea. Kwamba waliuona umelegea, wakajua kwamba baada ya upasuaji huenda ukashindwa kufanya kazi, maji yajae mwilini, figo zisimame. Kwamba kulikuwa na uwezekano mkubwa nisitoke. Bila upasuaji pia nisingeishi sana, kwa hivyo ilikuwa ni kuchagua. Mume wangu na dada yangu waliambiwa haya yote waziwazi, wakaombwa wazungumze nami nyumbani, kisha nirudi na maswali yangu.

"Walisema umekubali," akasema.

"Nilikubali kitu kingine."

Akachukua karatasi laini, akanifuta mafuta kifuani yeye mwenyewe, polepole, ilhali kwa kawaida unapewa karatasi ujifute. "Uliniuliza siku ile kuna nini, na mimi nilikuwa nimeona," akasema. "Nilipaswa kukujibu. Pole sana, mama." Ndiye mtu wa kwanza kuniomba msamaha, na ndiye aliyenikosea kidogo kuliko wote.

Mutinda alikuja saa za kuona wagonjwa. Nilimwacha aketi.

"Siku ile ya picha, uliambiwa nini?"



"Nani amekuambia?"

"Mimi ndiye nakuuliza."

"Mama Mutheu, ungeogopa. Ungekataa kupasuliwa. Ningekupoteza."

"Ulijuaje ningekataa? Uliniuliza?"

"Nakujua."

"Unanijua, halafu ukasimama kando ya kitanda changu, ukaniambia nakaa kama mtu hataki kupona?"

Akafunika uso. Sikumhurumia. "Nani mwingine anajua?" nikauliza.

"Katunge."

"Huyo najua. Mwingine?"

"Pasta. Tuliomba watuombee."

"Kwa hivyo kanisa zima. Mwingine?"

Akatazama sakafu. Hapo nikajua, na nikatamani asiseme.

"Mutheu," akasema.

Nilimwambia atoke. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja mwenye umri wa mamangu, aliyekuwa amesikia yote kwa kuwa hakuna pazia linalozuia sauti, akanyoosha mkono kupitia nafasi kati ya vitanda vyetu. Tukashikana mikono bila neno mpaka chakula kikaletwa.

Niliyapanga upya yote nikiwa nimelala pale. Ugali wa Mutinda. Kumbatio la akina mama, yule aliyetolewa nje akilia. Kila mtu aliyeingia nyumbani kwangu wiki ile alikuja kuniaga, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kwamba naagwa. Nilikuwa nawapa chai. Kisha nikaikumbuka picha ya roshani, gauni la buluu, tabasamu zaidi, hivyo hivyo. Nikaelewa ile picha ilikuwa ya nini. Mshono wa kifua ukaniuma kwa jinsi nilivyolia, na nesi akafikiri ni dawa zimeisha nguvu.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani baridi ikiwa bado imekaza. Katunge alikuwa ameandaa kitanda kwake, karibu na Mukuru kwa Njenga, kwa kuwa yeye anaishi chini na hakuna ngazi. Nilikataa. Mutinda na jirani mmoja wakanipandisha ghorofa ya tatu nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki. Nikalala chumba cha Mutheu. Mutinda akalala chumbani kwetu peke yake, na hatukuzungumza ila mambo ya dawa na maji.

Aliyekuja kuniuguza ni mama, kutoka Kitui, na kikapu cha pojo na kuku hai. Yeye pia hakuwa ameambiwa. Walimwambia nina uvimbe kifuani utakaotolewa. Nilipomweleza aliendelea kuchambua mboga, kisha akasema, "Kwa hivyo ni mimi na wewe tu ndio tulikuwa wajinga." Tukacheka, jamani. Kicheko kiliniumiza mfupa wa kifua hadi nikakumbatia mto, na bado nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika.

Mambo madogo ndiyo yaliyonivusha. Mama Njeri, anayeuza mboga chini ya nyumba yetu, alinipandishia maji kila asubuhi hata siku ambazo mgongo wake ulimsumbua. Miguu ilipungua hadi nikaona tena mifupa ya vifundo, nikaita watu waje waione. Valvu ya chuma hulia tik tik, na nyumba ikitulia unaisikia. Mutheu aliisikia usiku wa kwanza tulipolala pamoja.

"Mathe, hiyo ni saa?"

"Ni mimi."

Akaweka sikio. Kisha akaanza kulia, na yakatoka yote. Baba yake na mama yake mkubwa, Katunge, walimwita siku ileile ya picha, wakamwambia. Wakamwambia pia asithubutu kufungua mdomo.

"Walisema nikikuambia utapata shoki, moyo usimame, na itakuwa ni mimi. Nilikuwa naenda class na hiyo kitu kichwani. Nilitaka kukuambia kila siku, mathe. Kila siku. Nilikuwa nakuja hapo kitandani ndio nikuambie, halafu naogopa nitakuua."

Nimejaribu kumsamehe Mutinda kwa yale aliyonificha mimi. Kuna siku naweza. Lakini kumbebesha mtoto kifo cha mamake, kisha kumfunga mdomo, hilo bado sijapata pa kuliweka.

Katunge alikuja siku moja baada ya kanisa. Mama alimfungulia mlango, akaenda jikoni, akatuachia sebule. Dada yangu ndiye aliyenilea nilipokuja Nairobi nikiwa msichana. Alinifundisha kuvuka barabara, alinitafutia kazi. Hakuna mtu duniani ambaye uongo wake ungeniuma zaidi.

"Nilitaka uingie ukiwa na amani," akasema.

"Amani yangu ama yako?"

"Nduku, ungefanya nini na hiyo habari? Niambie. Ungefanya nini?"

"Ningeenda Kitui. Ningekaa na mama. Ningemwambia mtoto wangu vitu ambavyo mama humwambia mtoto. Ningeuliza maswali. Na nilipovimba ningejua kwamba navimba kwa sababu moyo wangu umechoka, si kwa sababu Mungu amenichoka. Na bado ningepasuliwa, Katunge. Ningeingia nikijua ninakoingia."

"Hukuwa na nguvu ya hayo."

"Ulinipiga picha ya matanga. Uliniambia nitabasamu zaidi."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na ungekufa, tungetumia gani? Huna picha nzuri."

Kutoka jikoni nilisikia mama akiangusha kijiko. Nilimwomba Katunge aende. Tunasalimiana siku hizi. Anapiga simu, anauliza dawa, namjibu. Lakini simwambii kitu ambacho kinaniuma, na yeye anajua kwamba simwambii. Huenda likaisha. Sitakudanganya kwamba limeisha.

Mvua za vuli zilipoanza, niliitwa kupigwa picha tena. Kwa kweli nilikuwa nimepata nafuu. Nilitembea hadi dukani na kurudi, nilikuwa nimerudisha uzito, nilikuwa nalala chali. Mutinda aliomba anisindikize, nikakubali. Tukakaa kwenye benchi zilezile. Nesi akatoka.

"Jamaa wa Nduku!"

Mutinda akaanza kuinuka kwa mazoea. Nikamshika mkono, nikamrudisha kitini.

"Mimi ndiye Nduku," nikamwambia nesi. "Naingia mwenyewe."

Mama wa miwani alinikumbuka. Safari hii, kabla ya kuanza, alikigeuza kioo kikatazama upande wangu. Nikauona moyo wangu kwa mara ya kwanza. Ni kitu cha kijivu, kinafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki, na valvu ya chuma inang'aa katikati. Akanionyesha upande wa kulia. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba unajivuta.

"Niambie yote," nikasema. "Hata lile ambalo ungeliambia familia."

Akaniambia. Upande wa kulia umepata nguvu kiasi, zaidi ya walivyotarajia, lakini haujarudi na huenda usirudi. Nitakunywa tembe za kutoa maji mwilini na za kuzuia damu isigande maisha yangu yote. Nisibebe mimba tena. Valvu nyingine imeanza kuvuja, si sana, lakini ipo siku huenda ikataka kazi, na upasuaji wa pili ungekuwa na hatari kuliko wa kwanza. Anaweza kuona dalili mapema kwa picha hizi. Hawezi kuniahidi miaka. Nilimuuliza hili na lile, akajibu, na alipokuwa hajui alisema hajui. Wewe unayesoma, mtu wako akiwa mgonjwa, tafadhali mpe chumba kama kile. Na kama wewe ndiwe mgonjwa, kidai. Uliza picha imeonyesha nini, na uulize wewe mwenyewe, wala usikubali jibu la "mzee amekueleza."

Nilipotoka, Mutinda alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Wamesemaje?"

Nilijua sasa jinsi ilivyo, kusimama kwenye korido ile na jambo kama hilo mdomoni, mbele ya mtu anayekutazama hivyo. Maneno yalikuwa tayari: ni sawa, tembe tu, twende nyumbani. Yangetoka kirahisi sana. Kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi yalivyomtoka yeye, na bado sikumpa udhuru.

"Keti," nikamwambia. Kisha nikamwambia yote, kwa mpangilio uleule niliopewa, na sikupunguza kitu. Alilia pale kwenye benchi mbele ya watu. Nilimwacha alie. Muda ulipopita nikampa leso yangu.

"Mutheu tutamwambia nini?" akauliza.

"Wewe hutamwambia kitu. Nitamwambia mimi."

Tulimkuta amerudi kutoka shule, bado na sare, anakaanga mahamri na bibi yake. Nikaketi, nikamwita aje. Aliona macho ya babake, akaja na mikono yake yenye unga bila kuifuta.

"Nimetoka kupigwa picha," nikasema. "Nataka kukuambia nilichoambiwa."

"Yote?"

"Yote. Na ukitaka kumwambia rafiki yako, mwambie. Ukitaka kulia shuleni, lia."

Nikamweleza. Mama aliinua sufuria motoni akaja kukaa nasi. Mutinda alibaki amesimama mlangoni, hakuongeza neno. Mutheu akaniuliza juu ya ule upande wa kulia, nikamchorea kwa kidole kwenye unga uliokuwa mezani. Akauliza juu ya upasuaji wa pili.

"Unaogopa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Hata mimi," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka.

Akavuta kiti chake karibu na changu, akaendelea kuuliza mpaka chai ikapoa. Mengine sikuwa na majibu yake, nikamwambia sina.